Sitara Hakuvunja Kufuli

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Ni Jumapili, saa tatu na dakika chache asubuhi, na anayezungumza nanyi ni Bakili. Kwa kawaida saa hii nawaletea habari za mtu ambaye mimi mwenyewe simjui vizuri. Natafuta ndugu zake wawili watatu, naandika, nasoma. Leo karatasi ninayo hapa mezani, lakini siisomi. Ninayemkumbuka leo nilikaa naye darasa moja.

Jina lake ni Sitara binti Abbasi. Amefariki Jumatano ya wiki hii, baada ya kuugua figo kwa miezi sita. Amezikwa Alhamisi, makaburi ya Kisutu. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Ameacha mama yake, Bi Shamsa, na kaka yake, Mudi.

Kama unanunua nguo Kariakoo, huenda unamjua kama Sitara wa vitenge, wa pale Mtaa wa Kongo. Na kama unakaa Msimbazi, kwenye kile kichochoro kinachoteremkia Jangwani, unamjua kwa jina jingine. Unamjua kama yule binti aliyefukuzwa chuo kwa kuvunja kufuli la bomba. Mwaka 1994, miaka saba iliyopita. Alifukuzwa chuo kwa kuvunja kufuli. Hivyo ndivyo barua ilivyosema, na hivyo ndivyo mtaa ulivyoamini.

Wasikilizaji wapendwa, Sitara hakuvunja kufuli. Nitawaeleza kufuli lile lilifunguka vipi, maana najua. Nina hasira leo, na nyingi ya hasira hiyo ni ya kujikasirikia mwenyewe. Mnivumilie.

Turudi nyuma. Mwaka 1994 mwanzoni, sisi ni wanafunzi wa mwaka wa pili. Chuo nakiacha bila jina, maana wengi waliopo pale sasa hawakuwepo. Mnaikumbuka miaka ile ya ruksa. Maduka ya Kariakoo yamejaa redio na feni kutoka Dubai, na bomba la nyumbani likifunguliwa linatoa upepo. Viwanda vinapunguza watu. Baba yangu mwenyewe alikuwa amepunguzwa kazini mwezi wa Januari, kiwanda cha nguo, baada ya miaka kumi na tisa. Nyumbani macho yote yakanigeukia mimi, mtoto wa chuo.

Wakati huohuo, mwalimu wetu mlezi, Mwalimu Elisaria, akaja na wazo. Wanafunzi tujitolee katika jamii inayotuzunguka, kila Jumamosi. Watakaojitolea watapata cheti, na cheti kitasaidia kupata kazi. Tulijiandikisha kumi na wawili. Siwezi kuwadanganya, kumi na mmoja tulifuata cheti.

Kitu cha kwanza tulichofanya ni kuchapisha fulana. Fulana zilitangulia kazi. Zilikuwa za njano, zimeandikwa mgongoni VIJANA TUNAJITOLEA. Jumamosi ya kwanza tukaenda Msimbazi kufagia. Ndiyo, kufagia! Tulibeba fagio za chelewa, tukafagia uwanja wa watu ambao wanawake wake walikuwa wameshaufagia tangu alfajiri. Walitutazama tu. Mmoja akasema, "Wanetu, pumzikeni, mtaumia mgongo." Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Sitara hakucheka. Yeye ni mtoto wa kichochoro kile. Baba yake, marehemu Abbasi, alikuwa akinadi samaki pale Feri, na binti alirithi sauti. Alisimama katikati yetu akasema, "Jamani, hapa tunajionyesha. Mtaa huu hauna shida ya ufagio, una shida ya maji. Tukichimba mtaro kutoka bomba kubwa la barabarani, hatua sabini, watu wa maji watatuunganishia. Nimeshawauliza." Alikuwa ameshawauliza! Sisi tulikuwa bado tunauliza nani atapiga picha.

Mabomba aliyapataje? Alikwenda kwa Mzee Shashikant, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mimi nilifuatana naye, kwa hiyo haya niliyasikia kwa masikio yangu. Sitara akamwamkia, "Shikamoo Mzee." Mzee akaitikia, "Marahaba, mtoto ya Abbasi. Nataka nini?" Sitara akamweleza. Mzee akavua miwani. Akasema, "Mimi natoa bomba. Nyinyi natoa nini?"

"Mikono, Mzee."

"Onyesha mikono."

Tukaonyesha. Akaitazama ya kwangu, akamwita mkewe atoke nyuma ya duka. "Jasvanti, njoo tazama. Hii mkono haijashika hata jembe ya bustani!" Mama Jasvanti akatuonea huruma, akatuletea chai yenye tangawizi. Mabomba tukapewa, koki tukapewa, na kisanduku cha chuma cha kufungia koki tukapewa pamoja na kufuli lake. Kufuli jipya, zito, na ufunguo mmoja. Ufunguo nikakabidhiwa mimi, maana nilikuwa mtunza vifaa wa kikundi.

Tulichimba Jumamosi tisa. Mikono ilitoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, tukachimba. Kulikuwa na mama mmoja pale jirani, Siwema, muuza maandazi. Kila Jumamosi alitupa maandazi mawili mawili, na ukimpa hela anakufokea: "Unanichimbia maji halafu unilipe? Una wazimu?" Naomba mlishike jina hilo, Siwema, muuza maandazi.

Jumamosi ya pili ya Aprili, maji yakatoka. Fundi alifungua koki, ikakohoa, ikatema matope, kisha yakaja maji meupe. Wanawake wakapiga vigelegele, Siwema akakimbilia ndoo. Hapo ndipo Mwalimu Elisaria akainua mkono. Akasema, "Bado. Tufunge kwanza. Mradi haujazinduliwa."

Naomba mnielewe hapa. Maji yametoka, ndoo zimepangwa, watu wana kiu, na sisi tukafunga koki, tukafunga kisanduku, tukapiga kufuli. Kisha tukafunga utepe wa njano juu yake, rangi ya fulana. Kwa nini? Kwa sababu tunamngoja mgeni rasmi. Bila mgeni rasmi hakuna sherehe. Bila sherehe hakuna picha. Bila picha, Mkuu wa Chuo hatasaini vyeti. Nani asiyeijua desturi hii katika nchi yetu? Darasa likijengwa watoto wanasoma chini ya jua wakilitazama, mpaka mtu aje na mkasi.

Basi tukamwandikia mgeni rasmi barua. Sisi tulizaliwa na kusomeshwa katika siku ambazo kila kiongozi alikuwa Ndugu. Ndivyo tulivyofundishwa. Tukaandika kwa adabu zetu zote, "Ndugu, tunakualika." Barua ikakaa siku nane, ikarudi. Karani ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba siku hizi haandikwi Ndugu, huandikwa Mheshimiwa. Rekebisheni, mpitishe upya kwa Mkuu wa Chuo. Mkuu wa Chuo alikuwa semina Morogoro. Siku nane zimekwenda kwa neno Ndugu, na nyingine zinakwenda kwa semina.

Masika yalikuwa yameshika. Jangwani ilijaa, maji machafu yakapanda mpaka kwenye kile kisima kifupi walichokuwa wakichota watu wa kichochoroni. Watu waliendelea kuchota humohumo, wangechota wapi? Wakaanza kuhara na kutapika. Walikuwa wakipita na ndoo zao mbele ya bomba lenye utepe. Sitara kila jioni alikuja kwenye kikao anasema jambo moja: tufungue, sherehe itafanyika baadaye. Mwalimu Elisaria akimjibu kwa upole, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. "Sitara, mradi una taratibu zake. Subira yavuta heri." Naye Sitara akamjibu siku moja, "Mwalimu, na ngojangoja huumiza matumbo. Njoo uone matumbo yenyewe." Sisi wengine tukainamisha vichwa. Tulivitaka vyeti, wasikilizaji wapendwa. Nilikitaka sana cheti kile.

Siku ya kumi na saba ya kungoja ilikuwa sikukuu ya Muungano. Nilikuwa bwenini, nanyoosha shati. Saa nne asubuhi nikaitwa getini. Alikuwa Sitara, amejifunga kanga kichwani, na viatu vimejaa tope.

"Siwema amefariki," akasema.

Nikauliza lini.

"Alfajiri. Alianza jana mchana, usiku akaishiwa nguvu. Nipe ufunguo."

"Ngoja nimuulize Mwalimu."

"Leo sikukuu. Utamuulizia wapi?"

"Basi kesho, Sitara."

"Bakili, Siwema ana wenzake sita wamelala hoi kule kichochoroni. Nipe ufunguo."

Nikautoa mfukoni nikampa. Nilimpa mimi, kwa mkono wangu. Kisha nikaongeza maneno ambayo nayasikia mpaka leo. Nikamwambia, "Lakini usinitaje." Sitara akanitazama, akasema, "Nani ana muda wa kukutaja wewe?" Akaondoka.

Alifungua kisanduku kwa ufunguo. Nasema tena: kwa ufunguo. Kufuli akaliondoa ili asije mtu akalifunga tena. Utepe akaukata kwa kisu cha jikoni cha mama yake. Watu wakachota kutwa nzima, na kesho yake, na keshokutwa. Jioni ile ile alinirudishia ufunguo wangu getini, wala hakuingia ndani.

Alhamisi Mwalimu Elisaria akaenda kukagua, akakuta koki iko wazi, kufuli halipo. Akatuita sote. Akaniuliza, "Mtunza vifaa, ufunguo uko wapi?" Nikautoa. "Huu hapa, Mwalimu." Akashangaa. "Kama ufunguo unao, kufuli limefunguliwaje?"

Wasikilizaji wapendwa, pale ndipo nilipotakiwa kusema sentensi moja. Nilimwona baba yangu amekaa kibarazani bila kazi. Niliona jina langu likifutwa chuoni. Nikasema, "Nadhani limevunjwa, Mwalimu." Nikaandika taarifa, mistari minne, nikasaini. Kufuli la mradi limevunjwa. Wote tulijua ni Sitara aliyefungua, na yeye hakuficha.

Kwenye kamati ya nidhamu ya chuo walimuuliza, "Ulifungua?" Akajibu, "Nilifungua." "Kwa kitu gani?" Akanyamaza. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma yake. Wakamuuliza mara tatu, akanyamaza mara tatu. Barua ikatoka baada ya siku mbili: ameharibu mali ya mradi na kukiaibisha chuo, asimamishwe masomo moja kwa moja. Alikuwa amebakiza muhula mmoja na nusu.

Na sherehe ilifanyika, msidhani haikufanyika! Jumamosi ya kwanza ya Mei. Asubuhi tulikwenda kufunga bomba upya. Tuliwafukuza wanawake na ndoo zao, tukanunua kufuli jingine, tukafunga utepe mwingine, ili mgeni aje afungue bomba ambalo watu walikuwa wakilitumia tangu siku kumi na moja nyuma. Tulikaa juani kuanzia saa tatu. Mgeni rasmi hakuja. Saa tisa alasiri alikuja mwakilishi wa mwakilishi wake. Akakata utepe, akanawa mikono, akatusifu kwamba vijana tumejitolea bila kutazama malipo. Tukapewa vyeti kumi na moja. Changu kilikuwa na jina langu kwa wino wa dhahabu, na kwa cheti hicho, pamoja na stashahada, nilipata kazi yangu ya kwanza.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa na urefu wa miaka saba, tena ya lami.

Sitara je? Aliomba nafasi vyuo vitatu. Kila chuo kiliomba barua kutoka chuo cha kwanza, na barua ile ikasema yale yale: mharibifu wa mali. Walimkataa mara tatu. Mara ya tatu, Mudi ananiambia, alikuja nyumbani akavua viatu, akala, akalala, na asubuhi akamwambia mama yake, "Nitafutie meza Kongo." Akawa muuza vitenge.

Na kila Jumamosi aliendelea na bomba lile. Kikundi chetu kilikuwa kimekufa siku tulipopata vyeti, hakuna aliyerudi hata mmoja. Sitara alijifunza kwa fundi kubadilisha mpira wa koki. Aliwapanga wanawake zamu za kusafisha mtaro. Mudi anasema, "Kaka Bakili, dada alikuwa anaongoza bomba kama meli. Ole wako ufue nguo pale." Bomba lile linatoa maji mpaka leo. Mzee Shashikant, ambaye sasa duka ameliacha kwa mwanawe Vivek, aliniambia kwenye msiba kwamba miaka yote hii Sitara alikuja kwake kuchukua mipira ya koki, na kila akija Mzee alimwambia aonyeshe mikono.

Nilikuwa nikipita mezani kwake. Kariakoo huwezi kumkwepa mtu miaka saba. Alinitania: "Bakili, nakusikia redioni. Sauti nene hivyo, chuoni ulikuwa umeificha wapi?" Nikacheka. Nikanunua kitenge, nikaondoka. Ningeweza kwenda chuoni siku yoyote kati ya siku hizo nikafute mistari yangu minne. Safari ya nusu saa. Kwanza nilisema nipate kazi kwanza. Kisha nikasema nithibitishwe kazini. Kisha nikaoa. Kisha nikasema ameshazoea. Ni kweli nilijiambia hivyo, kwamba ameshazoea.

Alhamisi, baada ya mazishi, Bi Shamsa aliniita ndani. Nikaingia, nikapiga magoti. Nikasema, "Shikamoo, Mama. Nina jambo la kukuambia kuhusu lile kufuli."

Akasema, "Marahaba. Kwamba ufunguo ulimpa wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Aliniambia siku ile ile ya barua," Bi Shamsa akasema. "Nikamwambia twende chuoni tukawaeleze. Akakataa. Akasema, mama, baba yake Bakili kapunguzwa kazi, kwao wanamtegemea yeye. Wakimfukuza na yeye tutakuwa tumefukuzwa wawili, kuna faida gani? Mwache amalize, atakuja kusema mwenyewe." Kisha akaendelea. "Ukamaliza. Tukangoja. Jumapili tulikuwa tunakusikiliza, mimi na yeye, tukinywa chai. Mwaka wa kwanza nilikuwa namwambia, leo atasema. Baadaye tukaacha kuzungumza habari hiyo."



Ijumaa nilikwenda chuoni na maelezo yangu, nimeyaandika na kuyasaini. Karani aliyapokea. Akaniambia jalada la mwaka 1994 lazima liombwe, Mkuu yuko safarini, nirudi baada ya wiki mbili. Nilitaka kupiga kelele. Kisha nikakumbuka nani aliyewafundisha watu wa Msimbazi kungoja, nikatoka. Nitarudi. Nitakwenda mpaka barua ile ifutwe, na nikilegea, ninyi mnaonisikiliza mniulize hadharani nimefikia wapi.

Wasikilizaji wapendwa, najua wapo wanafunzi wanaonisikia ambao Jumamosi hii wanakwenda kujitolea mtaani. Nendeni. Lakini jiulizeni swali moja: mnachofanya kinamngoja nani? Kama kinamngoja mtu wa kukata utepe, na wenye shida wamesimama pembeni wakitazama, basi mnajitolea kwa ajili yenu. Na kama kati yenu yuko mmoja anayesema kila kikao jambo lile lile linalowakera, msikilizeni kabla hamjamchoka. Nasi tulio watu wazima, kila mmoja ana mistari yake minne mahali fulani. Kaeni nayo leo.

Kwa Bi Shamsa, kwa Mudi, kwa majirani wote wa kichochoro cha Msimbazi, na kwa watoto wa marehemu Siwema, nawapa pole. Mwenyezi Mungu amrehemu Sitara, amlaze mahali pema. Na kwa kila aliyewahi kusema, au kusikia, kwamba binti huyu alivunja kufuli: hakuvunja. Alifungua kwa ufunguo niliompa mimi, Bakili, kisha nikaandika uongo.

Nilipokuwa naaga, nilimuuliza Bi Shamsa kama kuna neno angependa nilifikishe hewani. Akasema, "Hapa msibani kila anayekuja anasema amekufa muuza vitenge. Si vibaya, ni kazi ya halali. Lakini wewe waambie alikuwa mwanafunzi."

Wasikilizaji wapendwa, Sitara binti Abbasi alikuwa mwanafunzi.